Bibi Rati na Mtungi wa Bahla

Tangu nirudi Sur, kila anayenikuta ananiuliza swali lile lile, Nizwa kulikwendaje. Nikianza kujibu mmoja anadakia, mwengine anacheka, na hadithi ikifika Ibra inakufa. Basi nimekaa kitako nikaandika yote. Someni mpaka mwisho, halafu mnicheke kwa pamoja mmalize, maana kuchekwa vipande vipande kunachosha.

Sur: udi na papa

Kwa msiomjua Salma, ni mwalimu wa wasichana. Zamani tulifanya kazi afisi moja Ibra, wakati sote tulikuwa wageni katika nchi hii ya baba zetu. Wote wawili tumezaliwa Unguja, yeye mjane, mimi mgane. Kisha yeye akahamia Nizwa kumtazama ami yake, ndugu wa baba yake, ambaye hakuwahi kutoka Oman na Kiswahili hakijui. Mimi nikapelekwa Sur. Kila Sikukuu nikimpelekea halua, naye akinirejeshea kahawa, na neno lenyewe sikulisema. Tuliendelea hivyo miaka, kama watu wanaocheza karata na hakuna anayetupa hata moja.

Sababu nilikuwa nazo tele. Nilijiambia bado anamlilia marehemu mumewe. Nilijiambia kwetu mwanamme hajiposei mwenyewe, huposewa na wazee wake, na wazee wangu wote wako chini ya mchanga. Halafu nikasikia kuna mtu wa Maskati anayekusanya watu wa kwenda kumposa Salma siku ya Ijumaa. Sababu zangu zote zikayeyuka siku ile ile, nikaanza kutafuta gari.

Gari iliyopatikana ni Land Rova ya Hamud, mtu wa Bidiya, aliyekuwa anapeleka magunia ya papa mkavu soko la Sinaw, kisha aendelee mpaka Firq, nje kidogo ya Nizwa, kutengeneza giaboksi. Mimi nilikuwa nimevaa kanzu mpya niliyoifukiza udi usiku kucha, na mafuta ya udi nyuma ya masikio. Magunia ya papa yalikuwa nyuma ya shingo yangu. Kabla hatujafika mji wa Kamil nilikuwa nanuka kitu ambacho hakina jina, si papa wala si udi, na Hamud akafungua kioo bila ya kusema kitu.

Abiria wenzangu walikuwa sonara wetu wa hapa Sur, Bwana Maganji, na mkewe Bi Kanta. Walikuwa wanakwenda Nizwa kupeleka dhahabu ya harusi ya watu. Bwana Maganji ni mtu asiyependa kusema, njia nzima neno lake lilikuwa "hivyo hivyo." Bi Kanta alizaliwa Kiponda, kule Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha mjini cha zamani, kinachotukumbusha mama zetu. Maneno ambayo mumewe hakuyasema aliyasema yeye.

Bidiya: mvua ya watu wengine

Mbingu ilikuwa nyeupe, wingu hakuna, na wadi, ule mto mkavu unaokata njia, imejaa maji. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani kwa watu wengine, na maji yakateremka kutufungia njia sisi. Hamud alishuka, akatia kidole majini, akasema tutasubiri. Nilimuuliza mpaka lini. Akanitazama kama kwamba nimemuuliza ana umri gani Mwenyezi Mungu.

Tulikaa chini ya kivuli cha gari. Bi Kanta akafungua mkoba wake kutoa njugu, na pamoja na njugu ikatoka picha ndogo ya rangi iliyofungwa kitambaa: mwanamke mzuri, maua kichwani, amepanda kasuku. Hamud akauliza kwa Kiarabu huyu ni nani. Bi Kanta akasema ni Rati, mungu wa kike wa Wahindu, wa mapenzi na hamu. Nikamfasiria Hamud, nikatanguliza astaghfirullah ili malaika waandike kwamba mimi mfasiri tu.

"Hadithi haimtoi mtu dini," alisema Bi Kanta, na akaanza.

Mume wa Rati, alisema, ni Kama, na yeye ndiye anayewatia watu mapenzi. Upinde wake ni muwa. Kamba ya upinde ni nyuki waliojipanga mstari. Mishale yake ni maua, na anayepigwa haponi. Kila Kama anapokwenda, Rati yuko ubavuni kwake, kwa sababu mapenzi bila ya hamu ni maneno matupu. Wengine husimulia kwamba Kama ana mke wa pili, Priti, naye ndiye huba, ile ya utulivu. Hapo Hamud, aliyekuwa amesinzia, akaamka. Alitaka kujua kama wake hao wawili wanaishi nyumba moja, na kama wanaelewana, na Rati ni wa kabila gani. Bi Kanta alimjibu kwamba wanaelewana. Hamud alitikisa kichwa, akasema basi hii kweli ni hadithi.

Nami nitasema ukweli, mnicheke. Nilikaa pale mchangani, mtu wa makamo, tumbo limetangulia, nikajiona ni Kama. Nakwenda Nizwa na mishale yangu. Sura ya Salma ikanijia, na nikaanza kutabasamu peke yangu mpaka Bwana Maganji akasogea kidogo.

Ibra: boko boko isiyoonekana

Tulivuka jioni, gari ikanywa maji, tukaingia Ibra inakohoa. Hamud alikataa katakata tule mkahawani, akatupeleka kwa dada yake, na dada yake akatuandalia harisi, yaani boko boko yetu ya ngano iliyopondwa, samli inaogelea juu. Bi Kanta hali nyama. Nilimweleza mwenye nyumba. Akasema wala nisiwe na wasiwasi, nyama haimo. Nilimuuliza hii harisi imepikwa na nini. Akasema na nyama ya mbuzi, lakini ameiponda vizuri sana, haionekani tena, kwa hiyo haimo. Alisema kwa nia safi, na akamwekea Bi Kanta sahani kubwa kuliko zetu.

Bi Kanta alimshukuru, akala tende na maziwa ya mgando, na kila mwenye nyumba akigeuka yeye akinisogezea harisi yake. Nilikula sahani mbili na nusu kwa ajili ya heshima ya watu. Usiku ule sikuweza kulala kwa mgongo wala kwa ubavu.

Asubuhi, tulipokuwa tunasubiri Hamud akaushe mashine, Bi Kanta aliniuliza nakwenda Nizwa kufanya nini na kanzu mpya. Nilisema nakwenda kutembea. Akaniuliza tena. Nilisema kuna ndugu. Mara ya tatu nilimwambia kila kitu, hata yale ambayo hakuyauliza. Alisikiliza, kisha akasema kama shida yangu ni mzee wa kunisemea, yupo Maganji. Nilimtazama Bwana Maganji na nikaiona picha: sonara wa Kihindu amekaa mbele ya wazee wa Nizwa, anaulizwa sifa zangu, anajibu "hivyo hivyo." Nilishukuru nikakataa.

"Basi utasema mwenyewe," alisema.

"Nitasema mwenyewe. Lakini naogopa, Bi Kanta. Yeye bado ana marehemu wake moyoni."

Bi Kanta aliendelea na hadithi pale alipoiachia. Miungu walimtuma Kama akampige mshale Shiva, mungu mkubwa aliyekuwa amefumba macho katika ibada yake, ili ampende Parvati, binti wa mlima aliyekuwa anamtaka kwa muda mrefu. Kama alivuta upinde. Shiva akakasirika, akafungua jicho lake la tatu, moto ukatoka, na Kama akawa majivu pale pale. Rati alikuwa amesimama karibu. Alianguka chini, akajipaka majivu ya mumewe, akalia mpaka wanyama wa msituni wakamsikia.

Nilimfasiria Hamud nusu, nusu nikaiacha. Mimi, mwenzenu, niliwahi kufiwa, na nilijua kilio hicho. Nikasema kimoyomoyo: ndiyo hivyo, huyu Rati ndiye Salma wangu, anamlilia wake, na mimi nakwenda kumsumbua. Kidogo niondoke nirudi Sur kwa miguu.

Sinaw: mbuzi mwenye masikio marefu

Sinaw tuliingia siku ya Alkhamisi, soko limefurika. Hamud alisema papa watauzika mara moja. Kumbe mnunuzi wake alikuwa hataki kununua kabla ya kuulizana khabari, na khabari zao zilianzia ngamia wa babu wa mtu. Mimi nahesabu kichwani: leo Alkhamisi, kesho watu wa Maskati. Nilipojaribu kumharakisha Hamud, yule mnunuzi alidhani nimeona kasoro katika papa, akaanza kunusa gunia moja moja upya.

Nilikwenda kando, kwenye mbuzi, nikafanye mazoezi ya maneno yangu. Kiarabu changu mnakijua, cha kuombea maji. Nilisimama nikasema kwa sauti ya kutosha: nimekuja kwa heshima, nimempenda, namtaka, nitamweka nyumbani kwangu nitamtunza mpaka mwisho. Nikarudia tena na mkono juu ya kifua. Nilipogeuka, mwanamke wa Kibedui mwenye barakoa alikuwa ameshamfungua mbuzi wake mwenye masikio marefu na kunishikisha kamba. Alikuwa ameguswa sana. Alisema miaka yote hajapata mnunuzi mwenye moyo kama wangu, na kwamba mbuzi huyu hapendi kupigiwa kelele. Ilibidi Hamud aje kunitoa, na yule mama akawa anatutazama tunavyoondoka kwa huzuni, yeye na mbuzi wake.

Njiani kutoka Sinaw, gari nyepesi lakini harufu ikiwa imebaki, Bi Kanta alimalizia. Wengine, alisema, husimulia kwamba Kama alizaliwa upya, akamezwa na samaki, na Rati mwenyewe akamkuta tumboni mwa samaki jikoni. Hamud akasema hilo linawezekana, papa wanameza kila kitu. Lakini nyumbani kwao Bi Kanta husimuliwa hivi: Shiva na Parvati walioana hatimaye. Siku ya harusi yao, miungu wote wamehudhuria, ngoma zinapigwa, Rati aliingia katikati ya watu. Majivu ya mumewe alikuwa ameyafunga katika ncha ya nguo yake. Akayafungua mbele ya bwana harusi akasema: nyote mna furaha, nami namtaka mume wangu. Na akapewa.

Nilisema maskini, uaminifu wa mjane. Bi Kanta aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza na hasira.

"Hujasikia kitu, Khalfani. Kulia kila mtu analia. Rati si wa kulia, Rati ni wa kutaka, na akitaka anasema mbele ya watu."

Bwana Maganji alisema, "Hivyo hivyo."

Nizwa: finjani juu ya mkeka

Tulifika Nizwa Alasiri, Bwana Maganji akashuka sokoni na dhahabu yake, sisi tukaenda nyumbani kwa ami yake Salma. Bi Kanta alipitishwa kwa wanawake, mimi na Hamud tukakaribishwa majlisi, chumba cha wageni wanaume. Ami yake Salma ni mzee mwembamba, macho makali, amekaa ameegemea mto, na majirani wawili wazee pembeni yake. Tuliulizana khabari kwa marefu. Kisha jirani mmoja akanimiminia kahawa.

Sasa sikilizeni, maana khasara yangu yote iko hapa. Sisi tuliolelewa Unguja tunafundishwa kwamba mgeni mwenye adabu hakimbilii kikombe, atadhaniwa mroho. Hukiweka chini kwanza, akatengeneza kanzu yake, akatulia. Nami nilitaka wazee wa Nizwa waone nimelelewa. Nikalipokea finjani, nikaliweka juu ya mkeka mbele yangu, nikatulia kwa adabu zangu zote.

Majirani wote wawili wakaligeukia finjani. Hamud, ubavuni kwangu, aliacha kutafuna tende. Baadaye ndipo aliponieleza: katika Oman ya ndani, mgeni akiiweka kahawa chini bila ya kuionja, anamwambia mwenye nyumba, sinywi mpaka unipe haja yangu. Na mwenye nyumba mwenye heshima haiachi kahawa ya mgeni ikapoa. Mimi nilikuwa sijui hata kidogo.

Ami aliitazama kahawa, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukalainika kama mtu aliyekuwa anasubiri jambo hilo. Akasema haja yako imekubaliwa, yoyote iwayo. Iseme, kisha unywe.

Jamani. Nilikuwa nimepewa kabla ya kuomba. Ilikuwa nifungue kinywa tu. Nikafungua kinywa, na maneno yangu yote ya Sinaw yakawa yamebaki kwa yule mbuzi. Nilihisi jasho linateremka na harufu ya papa inapanda. Wazee watatu wananitazama. Juu ya rafu nyuma ya ami palikuwa na mtungi wa udongo wa Bahla, ule mji wa wafinyanzi, mkubwa, mzuri, na macho yangu yakaushikilia kama mtu anayezama anavyoshika ubao.

Nikasema, "Naomba mtungi ule."

Nyuma ya mlango wa ndani kitu kilianguka, sinia nadhani. Ami aliuliza, mtungi? Nikasema ndiyo, ami, mtungi wa Bahla, mzuri sana, Sur haipatikani mitungi kama hii. Mzee akaamrisha uteremshwe. Nikanywa kahawa yangu. Hamud alikuwa anatazama dari.

Uani

Nilitoka nimekumbatia mtungi, kichwa changu kinachungulia juu yake. Uani alikuwa amesimama Salma, na Bi Kanta nyuma yake amejifunga mikono. Salma ameongezeka mvi kidogo mbele, na amekuwa mzuri zaidi, na nilitamani mtungi uwe mkubwa nijifiche mzima.

"Umetoka Sur kwa gari ya papa," alisema Salma, "kufuata mtungi?"

Nilisema kitu juu ya ubora wa udongo wa Bahla. Hakucheka.

"Mimi ndiye niliyemwambia ami. Nilimwambia, akija Khalfani akiomba, usimuulize mara mbili. Ndiyo maana alikukubalia upesi vile. Wewe ukaomba mtungi."

Nilimuuliza, kwa ujinga wangu, na marehemu je?

"Marehemu nilimlilia, nikamaliza. Miaka yote hii sikuwa nikimngoja yeye." Akautazama mtungi. "Kesho wanakuja watu wa Maskati. Nitawasikiliza. Siwezi kuendelea kumngoja mtu ambaye kwake hofu ina uzito kuliko mimi."

Akaingia ndani. Bi Kanta alibaki ananitazama. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nilijiona mtu mzima hovyo, nimesimama na chungu mkononi, na mwanamke ninayempenda ameshafanya kila kitu isipokuwa kunisemea. Sikujua naogopa nini tena. Nilichokuwa nakiogopa kilikuwa kimeshanifika.

Nikageuka, nikarudi majlisi na mtungi wangu.

Ami alininyanyulia macho. Akaniuliza kama nimefuata kifuniko chake. Wale majirani walicheka, nami nikakaa chini mbele yake, nikasema kwa Kiarabu changu kibovu, wanaume nikiwafanya wanawake na jana nikiifanya kesho, kwamba sikuja kwa ajili ya mtungi, nimekuja kwa ajili ya Salma, nampenda tangu Ibra, wazee sina, na niliogopa.

Ami alisema katika majlisi hii mgeni anaweka finjani mara moja tu. Umeomba, umepewa. Mimi siwezi kutoa haja mbili kwa kahawa moja, wazee hawa ni mashahidi.

Nilitaka kuinuka. Akanizuia kwa mkono.

"Lakini mgeni akikirudisha alichopewa," alisema, "basi hajaomba bado."

Niliuweka mtungi mbele yake kwa mikono miwili, taratibu, kama ninayeweka mtoto. Akaushika shingo, akausogeza nyuma yake, akamwambia jirani amimine. Nikaliweka finjani juu ya mkeka. Nilisema haja yangu tena, safari hii kwa sauti ya kufika nyuma ya mlango. Ami akasema imekubaliwa, na watu wa Maskati watakuja kesho watakula chakula chao cha mchana warudi kwao, kisha akaniamrisha ninywe.

Nilikunywa yote kwa mkupuo mmoja. Ilikuwa imetoka jikoni sasa hivi, ikaniunguza ulimi vibaya, na nilipotaka kumshukuru mzee sikuweza kutamka hata herufi moja. Ikabidi Salma amshukuru kwa niaba yangu kutoka nyuma ya mlango.